Baskeli za gia kwenye njia za msituni: nani ampishe nani?

Kila ikitajwa habari ya kuruhusu baskeli kwenye vijia vya ndani ya misitu yetu ya Unguja na Pemba, iwe Ngezi, Masingini, Kiwengwa au Jozani, watu wanagawika pande mbili papo hapo, wa huku wanasema fungueni vijana wapate pa kuendesha na wageni waje, wa kule wanasema mtaumaliza msitu na mtawagonga mama zetu, na mazungumzo yanakufa hapo hapo mana kila mtu keshashika lake. Mie nimekulia Pemba juu ya baskeli, skuli nimekwenda kwa baskeli, na msitu wa Ngezi naupenda kwa moyo wangu wote, kwa hivo sina upande hata mmoja wa kuukimbia, nimekaa miezi nasoma wenzetu wa nchi nyengine walivogombana na walivopatana, nikawa nalinganisha na huku kwetu, na nnachotaka kukieleza hapa ni kwamba suali lenyewe tunaliuliza vibaya.

Tuanze na hili. Baskeli zimo msituni zamani. Mtu wa Makangale akitaka kwenda Konde barabara yake inapita kati kati ya Ngezi, anapita na Phoenix yake asubuhi kafunga tenga la samaki nyuma kwenye keria, anarudi jioni na unga na mafuta ya taa, na babake alipita hivo hivo. Hakuna aliyewahi kuitisha mkutano kwa ajili yake. Sasa kinachoombwa siku hizi ni kitu chengine, ni hizi baskeli za gia zenye tairi pana za meno na shokomzoba mbele, na wanaozipanda hawendi sokoni, wanapanda kwa raha na mazoezi, na hawaitaki ile barabara, wanataka vile vijia vyembamba vya miguu vinavopinda pinda chini ya miti. Mwenye tenga anakwenda taratibu kwa sababu samaki watamwagika. Mwenye baskeli ya gia raha yake iko kwenye mteremko na kona, ukimuondolea hayo umemuondolea kilichomleta.

Hapo ndo penye mzizi wa mambo, kasi, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka juzi wakti wa kipupwe nilikuwa nnateremka kijia kimoja upande wa Konde, njia imekauka vizuri, kivuli, upepo mzuri, nikaachia breki. Kwenye kona ile kuna mkwaju mkubwa unaziba, huoni mbele. Nilipopinda nikamkuta bi mkubwa yuko mbele yangu kama hatua nne hivi, kichwani kata na mzigo wa kuni mrefu umemzidi pande zote mbili, na mtu mwenye mzigo kama ule hawezi kuruka pembeni, hawezi hata kugeuza shingo. Nikabana breki zote, gurudumu la nyuma likaburuza, nikaingia kwenye kichaka na baskeli juu yangu. Hakuniguta. Alisimama tu, mkono mmoja juu ya mzigo, akasema "Mwanangu, na kama ningelikuwa na mtoto mgongoni?" Nikamuomba radhi, nikashika njia naye kwa miguu mpaka kwake nakokota baskeli. Ile alama ya gurudumu nilipoburuza niliiona tena baada ya masika, ilikuwa imeshakuwa kimfereji, kidole changu cha kati kinazama chote.

Katika tukio lile moja yamo yote mawili yanayogombaniwa duniani kote, usalama wa mtu wa miguu na uharibifu wa njia, na yote mawili yametokana na mwendo wangu na ile kona. Ningekuwa nakwenda mwendo wa muuza samaki ningemuona, nisingebana breki vile, na udongo usingechimbika.

Wenzetu Marekani ugomvi huu wanao tangu miaka ya 1970, pale vijana wa Marin County huko California walipoanza kuteremka mlima Tamalpais na baskeli nzito za zamani walizozitia tairi nono, ndo asili ya hizi baskeli za mlimani zenyewe. Watu wa miguu na wapanda farasi wakalalamika, njia nyingi zikafungwa, na zilizobaki wazi zikawekewa kikomo cha mwendo, maili 15 kwa saa, yani kama kilomita 24, na ukifika kwenye kona isiyoonekana au ukimpita mtu ushuke mpaka maili 5, ambayo ni kilomita 8, mwendo wa mtu anaekimbia taratibu. Mwaka 1984 serikali ya Marekani ikafafanua kanuni kwamba yale maeneo ya pori kabisa yaliyolindwa na sheria yao ya 1964 baskeli haziingii, zikahesabiwa ni chombo cha mitambo sawa na vyengine. Vilabu vya California vikaungana 1988 kuanzisha jumuiya yao ya baskeli za mlimani, IMBA, na kazi ya kwanza waliyoijua ni kufundisha watu wao adabu na kushika majembe kutengeneza njia, mana walishaelewa kwamba kuomba kwa maneno matupu hakutawafikisha popote.

Uingereza walilimaliza kwa namna ambayo mie inanipendeza zaidi. Sheria yao ya mashambani ya 1968 iliwapa waendesha baskeli haki ya kupita kwenye njia za farasi, lakini ndani ya kifungu hicho hicho ikasema lazima wawapishe watu wa miguu na wapanda farasi. Haki na sharti vimekuja pamoja, huwezi kuchukua kimoja ukaacha chengine. Ukifikiri vizuri ndo mila yetu pia, kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe mwenye baskeli ndo anaepiga hodi, mwenye kutembea anaendelea na safari yake.

Na mfano mzuri kuliko wote uko hapa hapa Unguja na tunaupita kila siku bila kuufikiria. Barabara kuu ya kwenda kusini inapita kando ya Jozani, na miaka ya nyuma magari yalikuwa yakiwaua kima punju wengi pale, na kima punju hawa ni wa Zanzibar tu, huwapati kokote duniani. Ingewezekana watu wabishane mpaka leo barabara ifungwe au isifungwe. Kilichofanyika ni kuwekwa matuta. Magari yakapunguza mwendo, vifo vikapungua, havikwisha, bado wanagongwa, lakini vilipungua, na watu wa Paje na Makunduchi wanaendelea kwenda mjini. Ukiniuliza baskeli zikubaliwe vipi msituni, kwanza nitakupeleka ukaone matuta ya Jozani.

Kijia cha msituni lakini huwezi kukimwagia lami wala saruji. Kasi ya baskeli inapunguzwa na umbo la njia. Njia iliyonyooka na kuteremka moja kwa moja inamwita mtu aachie breki, njia inayopinda mara kwa mara, ikabanwa na miti miwili mahala, ikapanda kidogo kabla ya kila kona, inampunguza mwendo bila ya kibao wala askari. Na pale unapoona mbele hatua thelathini, arobaini, hakuna wa kushtukizana.

Sasa tuje kwenye udongo, na hapa naomba mnivumilie kidogo mana watu wengi wanasema kwa hisia tu. Kuna utafiti wa Montana uliochapishwa 1994, walilinganisha farasi, watu wa miguu, pikipiki na baskeli kwenye njia zilizorowa, wakakuta kwato na miguu zinaachia udongo mwingi kuliko magurudumu. Kuna mwengine wa Ontario, Canada, wa 2001, walipitisha watu wa miguu na waendesha baskeli mpaka mara 500 kwenye vipande vya msitu ambavyo havikuwa na njia kabisa, na majani yalikufa karibu sawa kwa wote wawili. Kwa hivo anaesema baskeli peke yake ndo inaua njia, hana ushahidi wa hilo. Lakini anaesema baskeli haina tofauti na mguu nae kakosea, na sababu yake ni nyepesi kuiona. Mguu unaacha shimo hapa na shimo pale. Gurudumu linaacha mstari mmoja usiokatika, na mstari kwenye mteremko mvua ikinyesha unageuka mfereji, maji yanaufuata, yanachukua kasi, yanachimba. Linaloharibu njia ni maji, gurudumu linayaonyesha pa kupita. Na likiburuzwa kwa breki, kama nilivofanya mie, linayachimbia kabisa.

Tena udongo wetu si mmoja, wakulima wetu wanaujua kwa majina yake. Kinongo, ule mwekundu wa kwenye vilima vya mikarafuu, ukikauka ni mzuri mno kuendeshea lakini ukirowa juu ya mteremko unakatika. Kinamo cha mabondeni ukikipita wakti wa mvua kinaganda kwenye tairi mpaka gurudumu halizunguki, na kila mtu anaejaribu kukikwepa anapita pembeni, njia ya futi mbili inakuwa ya futi nane. Kichanga kinazamisha tu, hakiharibiki sana. Na uwanda, kule kwenye jiwe la matumbawe kama Kiwengwa na sehemu za Jozani, hapachimbiki hata upite mara elfu, atakaeumia ni wewe na pancha zako, ila udongo uliopo pale ni kiganja tu ndani ya nyufa za mawe na mche ukifa unachukua miaka kurudi, so ukitoka nje ya njia hata kidogo umefanya dhambi kubwa kuliko kule Pemba kwenye udongo wa kina.

Vijia vyetu vingi Pemba vinapanda kilima na kushuka moja kwa moja, na haikuwa ujinga, mtu mwenye mzigo kichwani anataka njia fupi. Ila kwa baskeli na kwa mvua za masika ndo umbo baya kuliko yote. Wataalamu wa kuchora njia wana kanuni ya nusu, nayo unaweza kuipima kwa kijiti na kamba: kama ubavu wa kilima unashuka mita 20 kwenye kila mita 100, basi njia yako isishuke zaidi ya mita 10 kwenye mita 100, yani ikate kilima kwa ubavuni. Upande wa chini wa njia uinamishwe kidogo nje, maji yavuke njia na kwenda zake majanini, yasisafiri nayo. Na kila baada ya hatua kadhaa njia ipande kidogo halafu ishuke, pale pa bondeni maji yanatoka. Haya hayahitaji mashine, yanahitaji jembe, sururu na mtu wa kuangalia maji yanakwenda wapi siku ya mvua.

Wanyama nao wana haki yao kwenye mazungumzo haya na hapa upande wa baskeli lazima tuwe wakweli. Kule Oregon, Marekani, walifunga vifaa kwenye miili ya elk, wale wanyama wakubwa wanaofanana na paa, wenye pembe za matawi, wakapima wanavokimbia watu. Pikipiki za magurudumu manne ndo ziliwakimbiza zaidi, zikafuata baskeli, halafu ndo watu wa miguu na farasi. Baskeli inakwenda mbali kwa muda mfupi na inakuja kimya, mnyama anaiona iko juu yake. Ukichukua hilo ukalileta Unguja ukamfikiria paa nunga, mnyama mdogo mwenye haya, adimu, anaejificha vichakani, basi sioni sababu hata moja ya kupeleka baskeli kwenye sehemu alizobaki nazo. Na Pemba tuna popo wetu wakubwa wasiopatikana pengine popote, wanalala mchana kwenye miti mirefu kwa makundi, kelele za watu wanaopigana mbinja mteremkoni zinawarusha wote mchana wa jua kali. Njia za baskeli zikae mbali na miti yao, na jua likizama zifungwe. Hili silipi mjadala mrefu.

Na ule msitu wa maji wa Jozani, kwenye mizizi na matope ambapo wageni wanatembea na muongozaji wao, pabakie pa miguu. Njia ni nyembamba, watu ni wengi, kima wanashuka mpaka chini. Mtu akiniambia Jozani yote ifunguliwe namwambia hapana.

Ukishatoa hizo sehemu zinabaki nyingi, na hapo ndo inakuja hesabu ya kugawana. Kuna njia nyingi za kugawana na hakuna hata moja iliyo ngumu. Kule Tsali, North Carolina, mizunguko inabadilishana, siku hii farasi huku na baskeli kule, siku ya pili wanageuza. Utah kwenye bonde la Millcreek upande wa juu baskeli zinaruhusiwa tarehe shufwa, na tarehe witiri wenye mbwa wanawaachia wapate kukimbia. Huku kwetu nafikiri siku za wiki zinaingia akilini zaidi kuliko tarehe, mana kila kijiji kina siku zake za kwenda kukata kuni zinazokubalika, siku hizo baskeli zisiwepo kabisa kwenye upande huo. Namna nyengine ni kuendesha upande mmoja tu kama saa inavozunguka, kwa hivo mtu wa miguu akienda kinyume siku zote anakuona usoni, hakuna wa kumtokea mgongoni. Hili la mwisho halina gharama zaidi ya vibao vya mishale, na mie naliona ndo la kuanzia.

Kama mtu anaona haya ni mambo ya wazungu tu basi aangalie jirani. Nairobi kuna msitu wa Karura, upo ndani ya mji, ekari zaidi ya elfu mbili, ule ule ambao Wangari Maathai alipigwa akiutetea usigawiwe viwanja. Leo watu wanatembea, wanakimbia na wanaendesha baskeli humo humo, baskeli zina njia zake zilizotajwa, kila njia panda ina namba ukipotea unasema uko namba gani. Na Hell's Gate huko Naivasha unapanda baskeli pembeni mwa pundamilia, mbuga ya taifa kamili. Baskeli na hifadhi vinakaa pamoja, mradi umepanga.

Kilichobaki ni kigumu kidogo, nani anaamua. Watu wengi wanadhani ni Idara ya Misitu peke yake inakaa ofisini inasema ndio au hapana. Sheria yetu ya misitu, namba 10 ya 1996, imeweka mlango wa kijiji kuingia makubaliano na serikali ya kusimamia msitu wake, na chini ya makubaliano hayo kunakuwa na kamati ya uhifadhi ya shehia, msitu unagawiwa sehemu, hapa pa kukata kwa zamu, hapa hapaguswi, na kanuni ndogo ndogo wanazitunga wenyewe na faini zake. Yani chombo cha kugawana msitu tunacho tayari, wanaokata kuni, wanaorina asali, wanaochimba mawe, wanaoleta wageni, wote washapita pale wakabishana. Mwendesha baskeli nae apite mlango huo huo. Aende kwa sheha, aombe kusikilizwa na kamati, aseme nataka kijia hichi, siku hizi, na mie na wenzangu tutakitengeneza kwa majembe yetu.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeshaona ikifanywa vyengine. Kuna watu walikuja na wageni wao na baskeli za bei mbaya, wakaingia kwenye vijia vya watu bila ya hata salamu, wakafyeka matawi yanayowazuia wakaondoka na picha zao, na wiki ile ile watoto wa kijijini walizuiwa kupita na baskeli zao kwa kisingizio cha kuharibu njia. Jambo lile liliwakera watu mpaka leo, ukitaja baskeli za gia pale unatizamwa kwa jicho baya. Kama kuna senti za wageni zinazoingia kwa njia ile, na ziingie, mie nazitaka, lakini kijana wa shehia ndo awe muongozaji, fundi pancha awe wa pale, na mkaazi asilipishwe wala kuzuiwa njia aliyozaliwa akaikuta.

Baskeli za umeme ndo zinabisha hodi sasa. Kule Marekani mwaka 2019 wizara yao inayosimamia mbuga za taifa iliagiza zichukuliwe kama baskeli za kawaida kwenye hifadhi zake na ugomvi ukaanza upya. Kwangu mie bibi anaetaka kupandia kilima aende shambani ahsante sana, kijana anaetaka kupanda mlima kwa mwendo wa kuteremkia, bado.

Mahala pa kuanza majaribio kwa maoni yangu ni upande wa Vumawimbi, huko Ngezi Pemba, njia inayotoka kwenye barabara ya msitu kwenda pwani, kwa sababu ni tambarare zaidi, kuna kichanga, watu wa kuni si wengi na unaona mbele. Masika yakishamaliza, mwezi wa sita, udongo ukishashika, mpaka kabla ya vuli. Na kabla ya baskeli ya kwanza kupita, watu wa kamati wachague sehemu kumi, wapige vigingi viwili pande mbili za njia, wafunge kamba iliyokazwa, wapime kwa rula kutoka kwenye kamba mpaka chini kila baada ya shubiri moja, waandike daftarini. Wapime na kijia chengine cha jirani kisichopita baskeli, ili tusije tukailaumu baskeli kwa kazi ya mvua. Vigingi vibakie, vuli ikipita warudi na kamba ile ile na rula ile ile mbele ya watu wote, wenye baskeli na wenye kuni, daftari lisomwe kwa sauti.